Henry Martyn: Namba Moja Aliyejiona wa Mwisho



Katika gazeti hili la kumbukumbu utaona picha za makongamano yetu, majina ya wazee waliotutangulia, na shuhuda za makanisa yaliyozaliwa pande zote za mipaka. Kurasa hizi chache tumekuwekea wewe mwanafunzi, na hasa wewe unayefaulu. Ndiyo, wewe uliyepata daraja la kwanza, ukaitwa mbele ya kusanyiko, ukawekewa mikono na kupigiwa makofi, halafu ukarudi kwenye kiti chako na moyo mzito ambao huwezi kumwambia mtu.

Sisi tunaohudumu kati ya wanafunzi tunaijua hali hiyo. Kijana ametoka kijijini, tangu darasa la kwanza hajawahi kushika namba mbili. Anaingia chuo kikuu, anakuta kila aliyeketi naye alikuwa wa kwanza huko kwao. Mmoja anaongea lugha ya masomo kama maji. Mwingine anaelewa kwa dakika tano kitu ambacho yeye amekikeshea usiku kucha. Basi anaanza kujiambia kwamba waliompa nafasi walikosea, na iko siku watamgundua. Matokeo yakiwa mazuri, anasema ni bahati tu. Yakishuka kidogo, anasema kumbe ukweli umejulikana. Na kwa kuwa ameokoka, anajitwisha mzigo wa pili: anaona aibu hata kuliombea jambo hilo, maana anadhani mtu wa imani hapaswi kujisikia hivyo.

Hebu kaa nami kidogo nikusimulie habari za mtu mmoja. Hakuwa Mpentekoste, alifariki karibu miaka mia moja kabla ya uamsho wa Azusa Street wa mwaka 1906. Alikuwa kasisi wa Kianglikana. Lakini ukimsoma utadhani amekaa na wewe bwenini. Jina lake ni Henry Martyn.

Mwana wa mchimba madini

Henry alizaliwa tarehe 18 Februari 1781 katika mji wa Truro, Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake, John Martyn, alianza maisha chini ya ardhi, kwenye migodi ya Gwennap. Wachimbaji wa huko walifanya kazi saa nne, wakapumzika saa nne, wakarudi tena. Zile saa za kupumzika John alizitumia kujifunza hesabu. Akajifunza mpaka akatoka mgodini, akawa karani mkuu katika ofisi ya mfanyabiashara mmoja wa Truro.

Unaona nyumba aliyolelewa huyu mtoto? Ni nyumba kama zetu nyingi. Elimu ndiyo iliyomtoa baba shimoni, kwa hiyo mtoto akisoma hasomi kwa ajili yake peke yake. Kila alama anayoleta nyumbani inapimwa kwa jasho la mzazi. Mama yake naye alifariki Henry akiwa bado mdogo sana.

Alianza shule ya Truro akiwa na miaka saba. Alikuwa na umbo dogo, afya yake dhaifu, mikono yake ina chunjua, tena alikuwa mwepesi wa hasira. Wavulana wakubwa walimwonea. Mwalimu akamweka karibu na mvulana mkubwa aliyeitwa Kempthorne ili amsaidie masomo, na huyo Kempthorne akawa ngao yake dhidi ya waonevu. Lishike jina hilo. Mwaka 1796 Kempthorne alimaliza Chuo Kikuu cha Cambridge akiwa wa kwanza katika hisabati kwa chuo kikuu kizima, cheo ambacho huko huitwa Senior Wrangler. Yaani yule yule aliyemkinga alikuwa amepanda hadi juu kabisa. Henry alimpenda, lakini fikiria ukiwa na kaka wa namna hiyo mbele yako.

Akiwa na miaka 14, mwaka 1795, Henry alipelekwa Oxford kushindania nafasi katika chuo cha Corpus Christi. Hakuchaguliwa. Akarudi nyumbani.

Namba mbili inayouma

Mwaka 1797 alijiunga na chuo cha St John's, Cambridge, kilekile alichosoma Kempthorne. Sasa sikia jambo la kushangaza. Mtu huyu ambaye baadaye angeongoza hisabati, alipoanza hakuielewa. Alipopewa jiometri ya Euclid aliamua kuikariri, mstari kwa mstari, kama mtoto anayekariri asichokijua maana. Ilibidi mwanafunzi mwenzake akae naye, amweleze polepole, hadi mwanga ukaingia. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Yule unayemwona leo anaelea mbele yako darasani, huenda jana kuna mtu alikaa naye.

Baada ya mwanga kuingia, alikimbia. Lakini kadiri alivyopanda, ndivyo amani ilivyopungua. Katika mtihani mmoja wa chuo alishika nafasi ya pili, na ile namba mbili ilimuuma kama kidonda. Wengine mia wangeshukuru kwa machozi, yeye alikasirika. Hasira zake zilifika mahali pabaya: siku moja alimrushia rafiki yake kisu. Kwa neema ya Mungu kilimkosa, kikachoma ukutani, kikabaki kinatetemeka. Dadake mdogo, Sally, binti wa maombi, alikuwa anamsihi amgeukie Mungu. Henry hakutaka kusikia.

Krismasi ya mwaka 1799 alishika namba moja chuoni. Baba yake alifurahi sana. Haukupita muda, Januari 1800, barua ikaja kwamba baba amefariki. Hebu fikiria: mtu uliyekuwa unamletea alama hayupo tena. Sasa unazipeleka kwa nani?

Hapo ndipo Henry alipochukua Biblia. Kempthorne alimshauri autumie wakati ule wa msiba kumtafuta Mungu. Akaanza na Matendo ya Mitume, kwa sababu tu aliona kina visa vya kuvutia kuliko vitabu vingine. Neno likamshika. Akaanza kuhudhuria ibada katika kanisa la Holy Trinity, alikohubiri Charles Simeon, mchungaji aliyewapenda wanafunzi na kuwafungulia nyumba yake. Henry akaokoka.

Juu kabisa, mikono mitupu

Januari 1801, kabla hajatimiza miaka 20, aliingia kwenye ukumbi wa mtihani wa mwisho. Moyo ulikuwa unamdunda. Akiwa katika hali hiyo akakumbuka mahubiri aliyowahi kuyasikia juu ya ujumbe ambao Yeremia alimpelekea Baruku, kwamba asijitafutie makuu. Utaukuta katika Yeremia sura ya 45. Lile neno lilimtuliza. Akaketi, akaandika.

Matokeo yalipotoka alikuwa Senior Wrangler, wa kwanza kama Kempthorne. Mwaka huohuo akapata pia tuzo ya kwanza ya Smith ya hisabati. Mwaka 1802 chuo chake kikamchagua kuwa mmoja wa wanazuoni wake wa kudumu. Mwana wa mchimba madini amefika!

Ungetegemea aruke kwa furaha. Badala yake alishangaa. Alikiri baadaye kwamba kile alichokitamani kwa miaka mingi, alipokifumbata mkononi, alikuta hakina kitu ndani. Zingatia hapo, ndugu yangu. Unapojiambia kwamba ukipata alama ile, au chuo kile, au ufadhili ule, basi utajiona mtu, mkumbuke Henry. Alizipata zote. Ile sauti iliyokuwa inamwambia kwamba hatoshi haikunyamaza. Ilibadilisha somo tu.

Mtihani mwingine, ndani ya kanisa

Sehemu hii sisi watu wa wokovu huwa tunairuka, kwa hiyo naomba uisome taratibu.

Simeon alikuwa akizungumza juu ya kazi ya William Carey huko India. Henry akasoma pia maisha ya David Brainerd, kijana mmishonari kati ya wenyeji wa Amerika aliyefariki mwaka 1747 akiwa na miaka 29. Moyo wake ukawaka. Akaacha wazo la kusomea sheria, akataka kwenda kwenye umisheni. Oktoba 1803 akawekewa mikono kuwa shemasi, akawa msaidizi wa Simeon.

Lakini angalia kilichotokea. Zamani alijipima kwa Kempthorne. Sasa anajipima kwa Brainerd. Alikuwa na daftari aliloandika habari za moyo wake kila siku, na lilikuja kuchapishwa baada ya kifo chake. Ukilisoma unachoka. Leo ameomba kidogo, anajilaumu. Kesho amehubiri, anajiona hafai. Amesifiwa, anaogopa kiburi; hakusifiwa, anaumia, kisha anajilaumu kwa kuumia. Yule mwanafunzi aliyekuwa akihesabu alama za hisabati sasa anahesabu alama za utakatifu, na kila jioni anajipa sifuri.

Je, hujawahi kufanya hivyo? Unamsikia mwenzako akinena kwa lugha kwa ufasaha, unajiona wewe ni mkavu. Fulani kafunga siku saba, wewe umemaliza mbili. Tunaokoka kweli, lakini ile rula tuliyotoka nayo darasani tunaingia nayo kanisani bila kujua.

Mwaka 1804 pigo lingine likaja: mali waliyoachiwa na baba ikapotea yote, yeye na mdogo wake wakabaki bila kitu. Njia iliyopatikana ya kufika India ilikuwa kuajiriwa kama kasisi wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, kampuni ya biashara na utawala ambayo yenyewe haikuwapenda wamishonari. Mwaka 1805 akapanda meli. Nyuma yake, kule Cornwall, alimwacha Lydia Grenfell, binti aliyempenda kwa moyo wote. Baadaye alimwandikia akimwomba amfuate India wafunge ndoa. Jibu lilipofika mwaka 1807, lilikuwa la kukataa.

Safarini alihubiri kwa wanajeshi na mabaharia, wengi wakamcheka. Januari 1806 meli ilikuwa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, wakati Waingereza walipowashinda Waholanzi pale. Henry alishuka akatembea kati ya majeruhi uwanjani. Mwaka huohuo akafika Calcutta.

Watu wa ukutani

Huko India ile akili iliyokuwa imemtesa ilipata kazi. Kichwa kilichozoea kufuata hoja ya hisabati hatua kwa hatua kilikuwa ndicho hasa kinachohitajika kutafsiri Maandiko. Akiwa Dinapore, kisha Kanpur kuanzia mwaka 1809, akishirikiana na wasomi wenyeji, alitafsiri Agano Jipya kwa Kihindustani, lugha tunayoiita leo Kiurdu. Neno moja aliweza kulihangaikia siku nzima. Nawe ukiona unahangaika na kitu kidogo ambacho wenzako wamekipita haraka, usikimbilie kusema wewe ni mzito. Huenda ndiyo kazi utakayopewa.

Pamoja na hayo, kushindwa hakukukoma. Agano Jipya la Kiajemi lililotengenezwa pamoja na msaidizi wake Mwarabu, Sabat, lilikataliwa na waliolipima huko Calcutta: lugha yake ilikuwa ya vitabuni mno, imejaa maneno ya Kiarabu, mtu wa kawaida asingeielewa. Kazi ya miaka, ikarudishwa. Kumbuka huyu ni mtu aliyewahi kuumizwa na namba mbili tu.

Kanpur alikuwa na desturi ya kuwagawia sadaka maskini waliokuja langoni kwake. Akaamua kuwahubiria Jumapili jioni. Walikuja mamia: vipofu, viwete, wazee, watu wasio na pa kulala. Kifua chake kilikuwa kibovu, ugonjwa wa mapafu ulikuwa tayari umeukumba ukoo wao, na kelele zilikuwa nyingi. Pembeni, kwenye kibanda cha bustani kilichokuwa juu ya ukuta, vijana wa Kiislamu wenye nafasi zao walikuwa wakijipumzisha, wakivuta tumbaku na kunywa sharubati, wakimtazama kama watu wanaotazama mchezo. Kwa macho ya kibinadamu, Senior Wrangler alikuwa ameishia kuwahubiria ombaomba huku akichekwa.

Mmoja wa wale vijana aliitwa Sheikh Salih. Maneno yalimgusa. Baadaye akapata kazi iliyomfanya aishike ile tafsiri ya Agano Jipya mikononi, akaisoma. Mwaka 1811, Henry akiwa ameshaondoka India, Sheikh Salih alibatizwa Calcutta, akaitwa Abdul Masih, maana yake mtumishi wa Masihi. Akawa mhubiri mkubwa kaskazini mwa India, na mwaka 1825 Askofu Heber akamweka wakfu kuwa mchungaji wa Kianglikana.

Hapohapo Kanpur kulikuwa na mama mmoja mwandishi, Bibi Sherwood, mke wa ofisa wa jeshi, ambaye familia yake ilikuwa ikikaribishana naye. Aliacha kumbukumbu za yule kasisi, na ukizisoma baada ya daftari la Henry unajiuliza kama ni mtu mmoja. Bibi Sherwood alimwona mtu mwenye uso uliojaa nuru, anayependa kuimba, anayechangamka akiwa na watoto. Daftari linasema hafai. Jirani anasema amekaa na mtu wa Mungu.

Nani alikuwa sahihi? Matunda yanajibu. Henry alikuwa hodari katika mambo mengi, lakini katika kazi ya kujisahihishia mtihani wake mwenyewe alikuwa mwalimu mbaya. Alikata alama ambazo Mungu alizitoa.

Kijana wa Maskati

Kwa vile tafsiri ya Kiajemi ilikataliwa, Henry aliamua kwenda Uajemi mwenyewe, akaisikie lugha mahali inapozungumzwa. Mwanzoni mwa mwaka 1811 aliondoka Calcutta, akapitia Bombay, na Aprili meli ikatia nanga Maskati, Oman. Mtawala wa pale alikuwa Sayyid Said bin Sultan, yule yule tunayemsoma katika historia ya Zanzibar.

Henry alishuka kutembea, akiongozwa na askari Mwarabu. Askari huyo alikuwa na kijana mtumwa, Mwafrika. Hatujaachiwa jina lake wala kwao. Lakini Henry alishangazwa na akili zake. Kijana yule alijua dini yake, alijenga hoja, akajadiliana na msomi wa Cambridge bila kuchoka hadi Henry alipoondoka ufukweni. Siku ya kuagana, askari na kijana walipanda melini wakaomba kuiona Injili. Henry akawapa nakala ya Kiarabu. Kijana akaanza kuisoma palepale, akaondoka nayo kama mtu aliyepata hazina.

Mpendwa, mimi nikifika hapo huwa nasimama. Ulimwengu ulikuwa umemwandikia kijana yule bei, kama mzigo. Hakuwa na cheti, wala hakuna aliyempa namba darasani. Lakini yule aliyewahi kuwa wa kwanza Cambridge alikaa naye kama mtu mbele ya mtu. Wale tunaowaona hawakusoma, na sisi tunaojiona hatukusoma vya kutosha, wote tunapimwa vibaya na macho ya wanadamu.

Safari ya mwisho

Juni 1811 alifika Shiraz. Kwa muda usiofika mwaka, akifanya kazi na Mirza Sayyid Ali, alimaliza Agano Jipya la Kiajemi mnamo Februari 1812, huku wasomi wa mji wakija kujadiliana naye mchana na jioni. Alitaka kulikabidhi kwa Shah, mfalme wa Uajemi, lakini homa ilimwangusha Tabriz. Balozi wa Uingereza, Sir Gore Ouseley, ndiye aliyelipeleka kwa niaba yake. Kitabu kilichapwa St Petersburg, Urusi, mwaka 1815.

Henry hakukiona. Septemba 1812 alianza safari ya farasi kuelekea Konstantinopoli, akitumaini kurudi kwao kupona. Aliyemwongoza alimkimbiza bila huruma, mvua na homa juu yake. Tarehe 16 Oktoba 1812, katika mji wa Tokat, Uturuki ya leo, alifariki akiwa na miaka 31. Hapakuwa na ndugu wala rafiki. Wakristo wa Kiarmenia ndio waliomzika.

Sasa wewe

Nimekusimulia habari hizi bila kuficha udhaifu wake, kwa sababu nataka ujue jambo moja: kujiona duni si dalili kwamba Mungu amekukataa, na kufaulu zaidi si dawa yake. Henry alijaribu dawa hiyo hadi ikaisha kwenye kopo.

Basi, weka kalamu nyekundu chini. Soma 1 Wakorintho sura ya 4, uone Paulo anavyowaeleza kwamba hukumu ya watu kwake ni jambo dogo sana, tena hata yeye mwenyewe hajihukumu. Anayemhukumu ni Bwana. Hukuitwa kujisahihishia mtihani. Fanya kazi yako kwa uaminifu, kabidhi karatasi, ondoka ukumbini.

Kisha, usikae peke yako. Henry alikuwa na Kempthorne, alikuwa na Sally, alikuwa na Simeon, na alipokaa na familia ya Sherwood aliimba. Mateso yake makubwa yapo katika kurasa alizoandika akiwa peke yake usiku. Tafuta mtu mmoja umwambie ukweli: mzee wa kanisa, mwalimu, dada wa chumbani. Na kama uzito huo umekunyima usingizi na chakula kwa wiki nyingi, au unakuletea mawazo ya kufa, usisubiri kongamano lijalo. Mwambie mtu leo, nenda na hospitali. Maombi na daktari hawagombani.

Tena, kipe kichwa chako mtu wa kumtumikia. Mfundishe aliye nyuma yako, kama yule aliyemweleza Henry jiometri ya Euclid. Ukiwa unamwelewesha mwenzako unasahau kujipima.

Na ninyi wazazi, wachungaji na viongozi wa vijana, tuzungumze kidogo kama watu wazima. Kila mwaka tunawaita mbele waliofaulu. Ni jambo zuri, tushukuru. Lakini waliobaki vitini tumewaambia nini? Na wale waliosimama mbele, je, tumewahi kuwauliza kama wanalala usingizi? Wanafunzi sabini waliporudi wakishangilia kwamba hata pepo wanawatii, Yesu hakuwapigia makofi ya matokeo. Aliwaelekeza wafurahie kwamba majina yao yameandikwa mbinguni. Iko katika Luka sura ya 10. Hiyo ndiyo orodha ambayo haina namba moja wala namba ya mwisho.

Simeon aliletewa picha ya Henry, akaitundika nyumbani kwake Cambridge. Kwa miaka mingi wanafunzi waliokwenda kwake waliikuta ukutani: uso wa kijana mwembamba, mwana wa mchimba madini, aliyejiona hafai hadi siku zake za mwisho, na ambaye Mungu hakuwahi kukubaliana naye katika hilo.

Wewe unayesoma haya usiku, vitabu viko mezani na moyo umekuinama, Mungu hakubaliani na wewe pia. Funga daftari, piga magoti kidogo, kisha ulale. Kesho kuna kazi.

Mungu akubariki sana. Amina.